Kuvu Namba Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilimenya mbatata. Nakwambieni mapema, vijana, msije mkadhani kwamba maabara ilinipokea kwa darubini na koti jeupe. Nilitoka Vitongoji alfajiri kwa baiskeli, kanzu imepigwa pasi, cheti cha darasa la nane kimo ndani ya bahasha, na mamaangu kaniombea dua mpaka nikatoweka kwenye kona. Nikafika kituo cha utafiti wa kilimo, juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Chake, nikapewa kisu na gunia la mbatata. Nikakaa juu ya ndoo nikamenya, huku najiambia kuwa nimeajiriwa upishi ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kunieleza.

Aliyenipa kisu ni Mzee Faki, msaidizi mkuu wa maabara, ambaye ujana wake wote aliumalizia kufunga vidonda hospitali. Alisimama nyuma yangu akitazama maganda yanavyoanguka.

"Menya nyembamba, mwanangu," alisema. "Huchongi mtumbwi."

"Mzee, chakula hiki cha nani?"

"Cha kuvu. Kuvu nazo zala, ama weye walidhani zafunga mwaka mzima?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza, mwishoni mwa miaka ya hamsini, na ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Mbatata zilichemshwa, maji yake yakachujwa kwa kitambaa, tukatia sukari na unga wa ageri. Ageri hutengenezwa kwa mwani na kazi yake ni kuugandisha ule mchuzi. Mchuzi ukitoka katika sufuria ya mvuke, ambayo huua kila kijidudu, tulikuwa tunaumimina katika sahani ndogo za kioo zenye vifuniko, ukaganda, na hapo mezani pa kuvu pameandaliwa. Sahani zikakaa katika kabati la mbao ambalo miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo ya maji, kwa sababu sisimizi wa Pemba hawajui heshima ya utafiti.

Watu wa mtaani walituita wapishi wa kuvu. Nikipita sokoni Chake nilikuwa naulizwa leo tumepika nini, na mimi nikawajibu kwamba wageni wangu hawarudishi sahani zikiwa na makombo. Niliipenda kazi ile tangu wiki ya kwanza, sioni haya kusema.

Sababu ya kazi ilikuwa haina mzaha. Mikarafuu ilikuwa inakauka matawi. Ugonjwa uliingia palipovunjika, pale mchumaji alipovuta tawi kwa pupa, ukateremka mpaka shinani, na mti uliopandwa na babu ukasimama mkavu mbele ya mjukuu. Mwenye kuuleta ugonjwa ni kuvu. Na katika udongo na magome yaliyooza mna kuvu nyingine ambazo huila ile mbaya, au huinyang'anya chakula, au huitemea sumu. Tulikuwa tunazitafuta hizo njema, tuzishindanishe na ile mbaya ndani ya sahani, na itakayoshinda ipelekwe shambani kupakwa kwenye vidonda vya miti. Siku hizi mna majina marefu ya kazi hiyo. Sisi tuliiita kupiganisha.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mtaalamu wa Kuvu, Mzungu mrefu wa kaptula ya kaki, mwenye Kiswahili alichojifunza Unguja na ukali aliozaliwa nao. Hakupenda kuvu ipewe jina. "Jina ni zawadi," alikuwa anasema. "Kwanza ifanye kazi." Kwa hiyo kila kuvu ilipata namba. Kila shindano lilikuwa na sahani za kulinganishia, ambamo kuvu ya ugonjwa hupandwa peke yake, ili tujue hukua vipi ikiwa haina wa kuisumbua. Hizo alizipanda yeye mwenyewe kwa mkono wake, hakumwachia mtu. Za mashindano nilizipanda mimi. Kipande cha ugonjwa upande mmoja, kipande cha kuvu njema upande wa pili, na alama ya kalamu chini ya kioo kuonyesha ugonjwa uko wapi. Kifuniko unakiinua kidogo tu kwa kidole gumba cha kushoto, sindano ya waya iliyochomwa kwenye taa ya spiriti iko mkono wa kulia, unaweka, unafunika. Mimi nilikuwa na mazoea ya kukiinua kifuniko kila mara kutoka upande wa ugonjwa. Hakuna aliyenifunza hivyo, ni mkono ulivyopenda.

Udongo tuliukusanya kisiwa kizima. Karibu na Weti tulikuta bibi mmoja anafagia chini ya mikarafuu yake, nusu imekauka. Alitutazama tunavyochimba.

"Mwaupeleka wapi udongo wetu?"

"Twatafuta dawa ya mikarafuu, bibi."

"Mbona mwachimba chini ya mgonjwa? Kachimbeni chini ya ule mzima, uliobaki peke yake katikati ya wafu. Huo ndio uliojua jambo."

Bwana Mtaalamu alivua kofia. Alikuwa amefikiri hivyo hivyo kwa miezi, na bibi yule kayasema kwa pumzi moja huku kashika ufagio. Tulichimba chini ya mti mzima. Tulipoaga alisema, "Mkiipata mniletee. Miye nnangoja." Kutoka katika udongo ule tulipata kuvu kadhaa, mojawapo nyeupe yenye wekundu kidogo katikati, nayo ikaitwa namba kumi na tisa. Kwenye shindano la kwanza ilionyesha dalili ndogo ya kuuzuia ugonjwa. Bwana Mtaalamu akaamua tuirudie mara nyingi, hiyo peke yake, mpaka tupate hakika.

Hapo ndipo msimu wa karafuu ulipoingia, na mimi nilikuwa nimeposa.

Nilimposa Zuwena, binti wa Mzee Omari wa Wawi. Wawi iko njiani baina ya Chake na kwetu, na baiskeli yangu ilikuwa imeshaanza kupunguza mwendo pale bila ya kuambiwa. Mzee Omari alikubali kwa sababu moja, wala hakuificha. "Wachumba walikuwa watatu," aliniambia. "Weye una kazi ya kudumu." Ukweli ni kwamba kazi yangu ilikuwa bado ya majaribio, na barua ya kuthibitishwa ilikuwa haijaja, lakini sikuona haja ya kumchosha mzee kwa habari ndogo ndogo. Harusi ikapangwa baada ya msimu.

Kwetu mchumba hakai akangoja harusi mikono imekunjwa. Msimu ukifika huenda kwa wakwe kusaidia kuchambua karafuu. Kila siku nikitoka kazini nilipita Wawi, nikakaa juu ya jamvi barazani pamoja na Mzee Omari na kaka zake Zuwena, na wanawake wakakaa uani nyuma ya ua wa makuti. Unachukua kishada, unakibana kwenye kiganja, unakizungusha, karafuu zinaanguka huku na makonyo, vile vijiti vitupu, unayatupa kule. Mafuta yake hutoka na kuingia ndani ya ngozi. Baada ya wiki moja kidole gumba huwa cheusi, na hata ukisugua kwa sabuni na jiwe, weusi unabaki chini ya ukucha mpaka msimu uishe. Mimi sikujali. Nyuma ya makuti kulikuwa na cheko moja niliyoijua, na kwa ajili ya cheko hiyo ningechambua karafuu za kisiwa kizima.

Wiki hizo hizo namba kumi na tisa ikaanza kufanya maajabu. Katika sahani zangu ugonjwa ulidumaa, ukabaki kijidoa. Katika sahani za kulinganishia, zile za Bwana Mtaalamu, ulikua ukajaa mpaka ukingoni. Tulirudia mara tatu, ikawa vile vile. Bwana Mtaalamu alianza kupiga mluzi maabara, jambo ambalo Mzee Faki alisema hajalisikia tangu aanze kazi naye. Akaandika barua Unguja. Jibu likaja kwamba mkubwa wa kilimo atavuka mwenyewe kuja kuona, baada ya siku kumi.

"Makame," Bwana Mtaalamu aliniambia, "una mikono mizuri. Akija mkubwa nitamwomba akuthibitishe kazini siku hiyo hiyo."

Jioni ile niliendesha baiskeli mpaka Wawi nikiimba.

Siku sita kabla ya mgeni nilipewa kazi ya kuzichora sahani, maana hatukuwa na kamera. Kuchora ni adhabu kwa mtu mwenye haraka, kwa sababu lazima utazame. Nikachora ya kwanza, nikachora ya pili, na kwenye ya tatu penseli ikasimama. Kuvu ikiogopa nyingine hudumaa pale wanapoelekeana, mbele ya adui. Hapa ugonjwa ulikuwa umedumaa nyuma, kwenye ukingo wa kioo, ambapo hapakuwa na kitu. Na kile kidogo ulichokua, ulikua kuielekea namba kumi na tisa. Ulikuwa unamkimbilia adui yake.

Nikainua kifuniko nikakinusa kwa ndani. Kilinukia karafuu.

Nilikitazama kidole changu gumba kwa muda mrefu. Nasema wazi, nilitamani kukikata. Mafuta ya karafuu huua kuvu, sisi wenyewe huyatia kwenye jino bovu, na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nayapaka kwenye ukingo wa kila sahani, upande wa ugonjwa, kwa mkono wangu mzuri. Namba kumi na tisa ilikuwa haijafanya kitu. Ilikaa tu ikala mbatata.

Nilimfuata Mzee Faki, aliyekuwa anaosha chupa.

"Mzee, kuna jambo nimelijua."

"Walijua weye peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi usinambie. Ukinambia tutakuwa wawili, na mmoja wetu karibu anastaafu." Akaendelea kuosha. Kisha akaweka chupa chini. "Lakini weye ushalijua, mwanangu. Hapo sina dawa."

Nilikwenda uani nikakaa juu ya ile ndoo ya mbatata. Nikinyamaza, nitathibitishwa kazini baada ya siku sita na kuoa baada ya msimu. Nikisema, Bwana Mtaalamu ataaibika mbele ya mkubwa wake kwa sababu yangu, mimi nitafukuzwa, na Mzee Omari atakumbuka kwamba wachumba walikuwa watatu. Nilipiga hesabu hiyo kila upande na kila mara jibu lilikuwa kunyamaza. Tatizo ni yule bibi wa Weti. Angeletewa ndoo ya namba kumi na tisa, angepaka vidonda vya miti yake mmoja mmoja kwa mikono yake, na angengoja. Nikainuka kabla sijabadilisha mawazo.

Bwana Mtaalamu alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata. Akachukua kifuniko, akanusa.

"Una hakika?" aliuliza.

"Sina, Bwana. Nimenusa tu."

"Kunusa si ushahidi." Akavaa kofia. "Unachambua wapi hizo karafuu?"

"Wawi, Bwana. Kwa wakwe."

"Twende."

Nilipanda gari nikiwa nimekufa nusu. Niliona wazi kwamba ananipeleka kunifukuza mbele ya Mzee Omari ili nusu iliyobaki nayo imalizike. Tulipofika, mzee aliona gari la serikali na mchumba wa binti yake ndani, na uso ukambadilika.

"Kafanya nini?" aliuliza, hata salamu kaisahau.

"Shikamoo, Mzee," alisema Bwana Mtaalamu. "Nimekuja kuchambua karafuu."

Nyuma ya makuti wanawake wakaangua kicheko. Mzee Omari hakucheka. Alimkunjulia mgeni jamvi, na Mzungu yule mrefu akajaribu kukaa, miguu ikakataa kukunjika, mwisho akainyoosha mbele kama nguzo mbili na kuanza kazi. Alivunja kila karafuu aliyoishika.

"Usiivunje, Bwana," alimfunza Mzee Omari. "Izungushe. Kidole gumba ndicho chenye kazi."

"Kidole gumba ndicho ninachokitaka," alijibu Bwana Mtaalamu.

Alichambua mpaka adhana ya magharibi. Katikati ya kazi sauti ikatoka nyuma ya ua, nami niliijua ni ya nani. "Baba, mwambieni mgeni hayo ayawekayo ni makonyo. Karafuu ndizo azitupazo." Hapo hata Mzee Omari alishindwa, akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa mtu wa kufukuzwa.

Asubuhi Bwana Mtaalamu alinawa kwa sabuni kama nilivyokuwa nanawa mimi. Akapanda sahani tano za ugonjwa peke yake, vifuniko akiviinua kwa kidole chake gumba kilichokuwa bado kinanukia karafuu. Tano nyingine alizipanda Mzee Faki, ambaye msimu ule hakuwa amegusa karafuu hata moja kwa sababu ya magoti. Namba kumi na tisa haikuwamo popote. Siku ya nne tulizitoa kabatini. Za Mzee Faki zilikuwa zimejaa hadi ukingoni. Za Bwana Mtaalamu ugonjwa ulikuwa kijidoa, umedumaa upande ule vilikoinuliwa vifuniko, sawasawa na zangu.

"Huu ndio ushahidi," alisema.

Mkubwa wa Unguja alikuja na wageni wawili na suti nyeupe. Bwana Mtaalamu alimwekea sahani zote mezani na kumwambia, "Namba kumi na tisa haifanyi kazi. Tulikosea."

"Nani kagundua, na kagundua lini?"

"Maabara imegundua. Wiki hii."

"Na nani alikosea?"

"Maabara ni yangu," alijibu.

Mkubwa aliondoka kabla ya chai. Maandazi ambayo Mzee Faki alimpikia mgeni tuliyala sisi, na yalikuwa mazuri. Jina langu halikutajwa, si kwa ubaya wala kwa uzuri, na barua ya kuthibitishwa haikuja. Sikufukuzwa. Nilibaki wa majaribio, na Bwana Mtaalamu alinipa sahani za kuosha na hakupiga tena mluzi.

Nilikwenda Wawi nikamweleza Mzee Omari kila kitu. Nilimwambia kuwa kazi yangu si ya kudumu, kwamba haikuwa ya kudumu hata siku ile niliyoposa, na kwamba ningekuwa nimeshathibitishwa lau si mimi mwenyewe kusema. Alichambua vishada vitatu kabla ya kujibu.

"Nilikupa mtoto kwa sababu ya kazi," alisema. "Sasa nakupa kwa sababu nyengine."

"Ipi, Mzee?"

"Hiyo si yako kuijua. Waambie wazee wako waje Ijumaa."

Tulioana msimu ulipoisha, na Bwana Mtaalamu alikula biriani kwa mkono, akamwaga nusu.

Barua yangu ilikuja miezi mingi baadaye, bila ya maelezo. Maabara ikapata kanuni mpya: msimu wa karafuu, aliyechambua hagusi sahani, na vifuniko huinuliwa kwa koleo. Tukarudi kwenye udongo. Kulikuwa na kuvu moja ya kijani, ya kutoka chini ya mti ule ule wa Weti, ambayo tuliipita mwanzoni kwa kuwa ilichelewa kuanza. Hiyo iliukabili ugonjwa kwa mbele, ikaupanda na kuufunika. Haikuwa muujiza. Shambani ilisaidia vidonda vibichi, vya zamani haikuvifaa, na mvua ikizidi ilisombwa. Lakini nilimpelekea bibi mwenyewe, nikamweleza yote mawili, inachoweza na isichoweza, naye akasema hata mume wake hakuwahi kumweleza vizuri namna hiyo.

Bwana Mtaalamu alirudi kwao mwanzoni mwa miaka ya sitini. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akaniambia nitunze darubini, basi. Mimi nilihamishiwa Weti kwenye vitalu vya miche, kisha Micheweni, ambako ardhi ni mawe na mkarafuu hauoti, nikafunzwa magonjwa ya mtama na muhogo na Bwana Shamba mmoja mkimya aliyependa redio. Nikarudi Chake nikiwa mwenyewe msaidizi mkuu. Nimefunza vijana wengi kumenya mbatata nyembamba. Wengine wamesoma wakanipita, na furaha yake hainiishi.

Nilipostaafu, vijana wa maabara walikuwa wanasafisha stoo. Wakanipa daftari la zamani la mashindano, majani yameliwa pembeni, wakasema Mzee atapenda kuwa nalo. Nililifungua nyumbani. Ukurasa wa namba kumi na tisa ulikuwa umepigwa mstari mmoja wa wino kutoka juu mpaka chini, na chini kabisa kulikuwa na mwandiko wa Bwana Mtaalamu, kwa Kiingereza, na tarehe ya siku ile tuliyokwenda Wawi, kabla sahani zake hazijapandwa na kabla ushahidi haujapatikana. Aliandika: "Matokeo yote haya yafutwe. Msaidizi wangu amesema, nami namwamini."

Nilimwita Bi Zuwena nikamsomea. Nilimsomea mara mbili, ya kwanza kwa Kiingereza, ya pili kwa Kiswahili.